Aliyekimbia Bila Kupiga Yowe

Machi 3

Naanza kuandika leo kwa sababu watu wa mwalo huu wa wavuvi hawana kumbukumbu. Unafanya mambo makubwa mbele yao, kesho wanakuuliza jina. Mimi ni Chenge, Mjomba Chenge, na kuanzia hapa Busisi mpaka Sengerema mjini asiyenijua ni mgeni au mgonjwa. Shule niliishia darasa la tano, si kwa ujinga. Mwalimu mwenyewe alisema kichwa changu kimeshatosha, wengine nao wapewe nafasi. Mke wangu Getruda anasema mwalimu hakusema hivyo. Getruda hakuwepo.

Masika yameanza kwa hasira. Jana asubuhi mwizi wa injini za mitumbwi alikamatwa hapa mwaloni, kijana tu, kaptula ya bluu. Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, walimpiga kwa makafi mpaka akaacha kuomba, halafu wakaleta tairi. Mvua ikauzima moto, wakauwasha tena. Mimi niliangalia kwa mbali kwa sababu goti lilikuwa linanisumbua.

Mchana polisi wakaja na lori. Walitulaza wote kifudifudi kwenye tope, wavuvi, wauza dagaa, hata fundi wa nyavu, wakatuchapa mikanda wakiuliza nani alileta tairi. Hakuna aliyefungua mdomo. Mimi walinichapa mara chache kuliko wengine. Nadhani waliona mgongo wenyewe wakaogopa.

Machi 6

Mvua. Getruda ananikataza kujisifia mgongo mbele ya wageni.

Machi 9

Leo kumekuwa na mkutano mkubwa darasani pale shule ya msingi. Ameuitisha binti anaitwa Gladness, wa asasi ya huko Mwanza mjini, mtoto wa Kirumba, mabuti yake ya mvua yanamzidi miguu. Kazi ya asasi yao ni kukalisha polisi na wananchi chumba kimoja mpaka waache kuuana. Polisi walikaa upande wa dirishani, sisi upande wa mlangoni. Katikati paliachwa nafasi ya kupita ng'ombe.

Mkuu wao akaanza. "Nyie ni wauaji. Mnachoma watu."

Mzee Machibya, mwenyekiti wetu wa sungusungu, akainuka na fimbo yake. "Na nyie tukiwaletea mwizi asubuhi, jioni tunamkuta kilabuni ananunulia watu bia. Sasa tumchome au tumkaribishe?"

Watu wakacheka. Polisi mmoja naye alicheka, mkuu akamtazama, akaacha.

Gladness hakucheka. Akasema, "Yule wa kaptula ya bluu, mama yake alikuja ofisini kwetu. Anataka kujua mifupa iko wapi." Kisha akauliza, "Mwizi akionekana hapa, mnaitanaje?"

Hapo nikainuka, maana swali lilikuwa langu. Nikawaeleza mwano. Mwano ndio yowe letu sisi Wasukuma. Anayeona hatari anaupiga, na kila anayeusikia anaacha alichoshika anakimbilia unakotoka. Na huku unakimbia, unaupokea, yaani unaupiga na wewe, ili walio nyuma yako wajue uko upande gani. Anayekimbia kimya ndiye mwizi. Haijaandikwa popote lakini hata mtoto anaijua. Nikawaambia pia kwamba enzi za kivuko, kabla ya daraja, mwano wangu uliwahi kugeuza kivuko katikati ya maji. Nahodha alidhani ni amri kutoka wizarani.

Mkuu wa polisi akasema, "Huyu naye ni nani?"

"Ni mjomba wetu," akajibu mpwa wangu Ngosha kutoka nyuma. "Mpunguzie nusu, inayobaki igawe kwa mbili."

Lakini lile wazo lilishika. Wamekubaliana askari mmoja aje aishi hapa hapa mwaloni, apange chumba kama mtu, ajifunze mwano wetu. Ukilia, na yeye anakimbia nasi, na mwizi akikamatwa ni wake, haguswi. Machibya amekubali kwa shingo upande. Mwalimu wa mwano, nani mwingine? Mimi.

Machi 12

Askari amefika. Jina lake Okeyo, Mjaluo wa Rorya huko Mara, mrefu, mwembamba kama mlingoti. Kapanga kwa dada yangu Dorotea, mama yake Ngosha. Amenikuta nakunywa uji akapiga goti kidogo kabisa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba afande. Umeshawahi kupigana na kiboko?"

"Hapana, mjomba."

"Basi nitakuanzia mbali."

Tukaenda juu ya jiwe kubwa nyuma ya soko. Nilimwonyesha namna ya kuvuta pumzi toka tumboni, kichwa juu, mkono kwenye shavu. Nikapiga. Bata wakaruka ziwani. Nikamwambia, zamu yako.

Jamani. Sauti iliyotoka pale! Mbuzi aliyefungwa kamba fupi ana sauti nzito kuliko ile. "Meee-e-e." Mtu ana urefu wote ule, sauti imeishia kooni. Vijana waliokuwa wanaanika dagaa walianguka chini kwa kucheka, Ngosha akajigaragaza mpaka akamwaga karai la mtu. Okeyo akajaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Mimi nilicheka mpaka machozi.

"Chuoni tulifundishwa kumkimbilia mhalifu kimyakimya," akasema. Masikio yalimwiva.

Machi 13

Mwalo mzima unamwita Afande Mbuzi. Nimekisimulia kile kisa kwa wachuuzi, kwa mama ntilie, kwa watu wa bodaboda kule lami, na kila mahali naiga sauti yake. Naiga vizuri sana. Mtoto mmoja ameniomba nirudie, nikarudia.

Machi 16

Okeyo anajua kazi, tusidanganyane. Leo amemrudishia Dorotea nyavu zilizoibwa tangu Januari, amezikuta kwa mtu Kigongo, ng'ambo ya maji, na hakumpiga mtu. Jioni majirani wawili walitoleana visu kwa ajili ya mpaka wa shamba la mihogo. Akasimama katikati yao, kisu kimoja kikamchana kiganja. Akafunga kitambaa akaendelea kuongea nao mpaka wakakaa chini.

Nimemwambia aje tuendelee na mazoezi ya mwano. Amesema, "Kesho, mjomba." Jana pia alisema kesho.

Getruda anasema niache ile sauti ya mbuzi. Nimemwambia mzaha ndio unamfanya mtu kuwa wa kwetu.

Machi 20

Mvua usiku na mchana. Ziwa limepanda mpaka kwenye mzizi wa mkuyu.

Machi 22

Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umevunjika. Herufi zitakuwa mbaya.

Asubuhi, kumepambazuka lakini mvua nzito, huoni mtu mpaka akukaribie. Mwano ukalia kutoka upande wa matete. Mtu kaonekana anafungua injini ya Machibya. Nikautupa mswaki nikakimbia, nikaupokea, na kila upande watu wanaupokea, wanawake, vijana, wazee, ziwa zima lilikuwa linalia. Damu inachemka ukisikia hivyo. Asiyeusikia hawezi kuelewa.

Nilikuwa bado sijafika kwenye matete nikasikia, "Huyu hapa! Huyu hapa, anakimbia kimya!" Halafu sauti ya kafi likipiga nyama. Sauti hiyo ni kama mtu anapiga nguo iliyoloa kwenye jiwe.

Nilipofika walikuwa wengi. Mtu yuko chini, fulana na kaptula, tope tupu kuanzia nywele, uso umeshapasuka hauna tena pua. Wanampiga kwa makafi, kwa nanga, kwa mawe ya kuzamishia nyavu. Kila pigo tope linaruka jekundu. Mama mmoja alikuwa anampiga kwa ndala. Mimi pia, niseme, mguu wangu ulikuwa umeshanyanyuka.

Ndipo yule mtu alipoinua shingo akapiga mwano. "Meee-e-e."

Watu wakacheka. Walidhani anawakejeli. Lakini mimi ile sauti naijua. Nimeiiga siku kumi.

"Ni Okeyo!" nikapiga kelele. "Jamani acheni, ni afande! Ni Okeyo!"

"Mjomba toka hapo na stori zako," mtu mmoja akasema, wala hakugeuka.

"Naapa! Ni afande!"

"Jana ulisema mamba kakuamkia shikamoo."

Nikaingia kati. Nilimwona Ngosha, mtoto wa dada yangu, kashika kafi kwa mikono miwili amelipeleka juu. Nikamwita kwa jina. Alinitazama usoni, alinisikia, sijui kama alinielewa. Kafi likashuka kwenye kichwa cha Okeyo, na ule mlio ukawa tofauti na yote ya kabla.

Nikajilaza juu yake. Wakanipiga mimi sasa, hawakuweza kusimama mara moja, mikono ilikuwa imeshashika kasi. Mkono wangu ulivunjika nikasikia kama kuni. Nilikuwa nimemfunika uso, anapumua mapovu kwenye shingo yangu. Ni Dorotea aliyefika akaona kile kiganja chenye kitambaa, akapiga ukelele mwingine, wa msiba. Ndipo wakaacha.

Mvua ikamwosha uso kidogo. Mtu mmoja akatapika. Makafi yalidondoka moja moja, na Ngosha akageuka akaanza kutembea kuelekea matete, hakukimbia.

Mwizi mwenyewe aliondoka na mtumbwi. Na injini.

Tulimbeba Okeyo juu ya mlango tulioung'oa mpaka lami, wakamchukua hospitali Mwanza.

Getruda ndiye aliyenifunga mkono kwa vipande vya boksi. Akaniuliza kwa nini yule kijana hakupokea mwano, wakati nilimfundisha mimi mwenyewe. Nikasema sijui. Akaendelea kuzungusha kitambaa, halafu akasema taratibu, "Wewe ndiye uliyemfunga mdomo, baba Winnie."

Nikamwambia anyamaze, mkono unauma.

Machi 23

Wamekuja. Malori matatu, si polisi tunaowajua. Walianzia kwenye vibanda vya dagaa, wakachoma vichanja vyote. Mlango hadi mlango. Nilimwona Machibya, mzee wa miaka ile, anaburutwa kwa ndevu. Walimvunja fundi wa nyavu vidole, kidole kimoja baada ya kingine, wanauliza, "Nani alimpiga? Taja." Fundi hakuwepo hata matetani, alikuwa kwa mkwe wake Geita.

Mimi waliniangushia mateke juu ya mkono huu huu. Nikawaambia mimi ndiye niliyemlalia afande. Mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo ulikuwepo? Nani alimpiga kichwani?"

Nikasema tope lilinijaa machoni.

Machi 26

Gladness amefika peke yake, kwa miguu kutoka lami. Watoto wamemtupia mawe. Ametoka damu kwenye nyusi akaendelea kuja. Nimempa kigoda.

"Okeyo hajafumbua macho," akasema. "Mke wake Adoyo yuko pale kitandani na mtoto mgongoni. Ameniambia nikuulize jambo."

"Niulize."

"Mume wake alimpigia simu Jumamosi. Akamwambia huku wanamcheka sauti, anaona aibu kuipiga mbele za watu. Anauliza ni kweli?"

Niliangalia kuku waliokuwa wanachakura. Nikamjibu kwamba ni kweli. Hakuniuliza ni nani aliyeanza kucheka na mimi sikusema. Alipotoka nilimsindikiza mpaka lami, nikitembea upande ambao mawe yanatokea.

Machi 29

Okeyo amefariki leo asubuhi.

Aprili 1

Wamerudi. Sasa hawamtafuti yeyote tu, wanalo jina. Mtu kataja, na baada ya kuona vile vidole vya fundi siwezi kumlaumu. Walivunja nyumba ya Dorotea, wakapasua magodoro na kapu la mahindi, wakampiga dada yangu makofi mbele ya watu mpaka akapoteza jino. Askari mmoja, mtoto mdogo, macho mekundu, nadhani alikuwa rafiki yake Okeyo, akamwambia, "Mwambie mwanao ajifiche vizuri. Mimi nikimpata hatafika kituoni."

Niliamini. Huwa najua mtu anapojisifu, ni kazi yangu. Yule hakuwa anajisifu.

Aprili 4

Ngosha yuko kwenye matete ya upande wa kusini, amekaa kwenye mtumbwi mbovu, maji mpaka kiunoni. Nimempelekea ugali na sato wa kukaanga. Ngozi ya miguu imekuwa nyeupe, inachubuka. Kijana niliyembeba mabegani.

"Mjomba, nilikusikia ukisema ni Okeyo."

"Najua."

"Nikadhani ni stori."

Akala kwa mikono miwili. Hakulia. Nilitamani alie. Niliona amefunga shingoni kamba ya nyavu yenye fundo, nikamwambia aitoe, akasema ni ya kawaida tu. Nikaikata kwa kisu nikaitupa majini.

Aprili 6

Machibya ameitisha sungusungu. Uso wake bado umevimba. Amesema sheria ni moja: hakuna wa mwalo huu atakayempeleka mtu wa mwalo huu kwa polisi, baada ya walichotufanyia. Atakayefanya hivyo atatengwa. Hasalimiwi, hauziwi kitu, hapewi moto, hazikwi na watu. Wote wakaitikia. Na mimi niliitikia, kwa mdomo.

Aprili 8

Nimekwenda Mwanza kumwona Gladness ofisini kwao. Ana plasta kwenye nyusi. Nimemweleza yote, mahali Ngosha alipo sikumwambia.

Akasema, "Mjomba, nimekaa na mkuu wao siku mbili. Nimemwambia kama wanataka mtu yeyote wa ziwa hili awaamini tena, huyu kijana lazima afike mahakamani mzima. Amekubali mbele ya wenzake. Mimi nitamtembelea mahabusu kila Alhamisi, nikiona alama mpya ninakwenda nayo redioni."

"Na wewe unawaamini?"

"Namwamini yeye mpaka Alhamisi. Alhamisi naangalia tena."

Nimependa jibu hilo. Tumekubaliana iwe mchana kweupe, juu ya daraja, kwa miguu, magari yanapita, abiria wanaona. Wao wasubiri upande wa Kigongo.

Nimemwuliza kosa lenyewe litaitwaje. Akasema mauaji. Hakuzungusha.

Aprili 9

Ngosha aliniuliza, "Hiyo ahadi ni yao au ni yako?"

"Ni yao. Gladness kaisikia."

"Nitanyongwa?"

"Sijui, ng'wanawane, mwanangu. Hakimu ndiye ataamua. Ila wakikukuta humu hakutakuwa na hakimu."

"Wewe unaiamini?"

Maneno mengi yalinijia, mazuri, ya kumpa moyo mtu. Ningeweza kumwambia mkuu wa polisi alinipigia saluti. Nikamwambia sijui. Akajipiga kofi la mbu shingoni. Halafu akasema, "Basi leta fulana kavu."

Kwa Dorotea sikwenda. Ningemwambia angekataa, na kama angekataa nisingeweza.

Aprili 10

Ngosha alivaa fulana yangu ya njano. Tuliingia darajani jua limetoka baada ya mvua, lami inafuka moshi. Gladness mbele na mabuti yake, Ngosha katikati, mimi nyuma. Daraja lile ni refu. Nimepigia watu stori kwamba nililivuka siku ya kwanza kwa mguu mmoja. Leo miguu yote miwili ilinishinda.

Hatukuwa tumefika mbali nikasikia mwano nyuma yetu. Machibya na vijana. Walikuja wanakimbia na makafi, wanatupigia mwano sisi, kama wezi. Jiwe la kwanza lilipita, la pili likanipata kisogoni. Basi la Bukoba likasimama, abiria wakatoa vichwa madirishani, wengine wanapiga picha.

"Chenge!" Machibya alikuwa anahema. "Unauza damu ya dada yako?"

"Naipeleka mahali itakapoonekana," nikasema. Sijui yalitoka wapi maneno hayo.

"Utakufa kama mbwa asiye na mwenyewe!"

"Mwenyekiti, walikung'oa ndevu kwa ajili yake. Ukimrudisha watakung'oa nini?"

Kijana mmoja alinipiga kafi la ubavu, nikapiga magoti. Niliposhika ukingo kuinuka niliona maji chini, mbali kabisa. Ngosha alikuwa amerudi hatua kunishika kwapa. Angeweza kukimbia wakati ule. Vijana wenyewe walikuwa wanamwita, "Kimbia njoo, kimbia njoo huku!" Akaninyanyua, akaninong'oneza, "Twende mjomba, wasije wakakuua wewe," tukaendelea mbele huku mawe yanadunda kwenye lami.

Upande ule wa Kigongo polisi walikuwa wamejipanga. Ngosha akanyoosha mikono. Yule askari mdogo wa macho mekundu akatoka kwenye mstari, akamtandika kitako cha bunduki begani, Ngosha akaenda chini. Akakinyanyua tena. Mkuu wao akamdaka kwa kola, akamzaba kofi ambalo abiria wa basi walilisikia, akamnyang'anya bunduki. "Nilisema nini? Nilisema nini mimi?" Yule mtoto akakaa pale pale barabarani akaanza kulia, anamwita Okeyo kwa jina.

Mkuu mwenyewe ndiye aliyemfunga Ngosha pingu. Gladness akaingia naye kwenye gari bila kuomba ruhusa.

Mimi nilibaki darajani na damu inaingia kwenye kola. Kurudi nyumbani ni njia ile ile.

Aprili 12

Nimetengwa. Ametangaza Machibya kwa kengele. Getruda wamemwacha, wanasema hakujua. Amewajibu kwamba anajua, akachota maji na ndoo yake akaja nyumbani.

Aprili 13

Sokoni. Nikianza kusema, watu wanageukia upande mwingine.

Aprili 17

Mvua. Hakuna aliyenisemesha.

Aprili 21

Nimesalimia mtoto, mama yake akamfunika masikio.

Aprili 24

Mtu akitengwa watu hudhani shida ni chumvi na moto. Chumvi Getruda ananunua. Mimi nimekuwa nikiamka nina maneno tele, hata si ya uongo, kwamba nimeona korongo anameza kambare mzima, na hakuna wa kumpa. Leo nimekwenda matetani mahali pale. Maji yamepafunika. Nimepiga mwano, polepole, ule wake. Hakuna aliyekuja. Nimerudi.

Aprili 30

Nimeenda na Gladness kumwona Ngosha mahabusu. Nimeruhusiwa muda mfupi, kati yetu kuna nondo. Nimemtazama vizuri kila mahali pa kutazamika.

Wiki mbili hizi mwaloni wamekuwa wakisema Ngosha ameshauawa, polisi wanaficha maiti, na mimi nililipwa.

Mei 3

Leo jioni, jua bado lipo, Dorotea alikuja. Tangu darajani hatujaonana. Alisimama nje ya ua, maana kwa aliyetengwa hakuingiwi. Watu walikuwa wanapita na ndoo zao, wanamwona. Kisha akaingia, akakaa juu ya kinu kilicholala.

Hakunisalimia. "Umemwona?"

"Nimemwona."

"Kwa macho yako, Chenge? Au umeambiwa na yule binti?"

"Kwa macho yangu."

"Wamempiga?"

"Kitako cha bunduki, kimoja, bega la kushoto, siku ile darajani. Kidonda kimefunga. Tangu hapo hawajamgusa."

"Anakula?"

"Ugali na maharage. Maharage yana mchanga, analalamika."

"Amevaa nini?"

"Fulana yangu ya njano. Imechanika kwapani."

"Alisema nini?"

"Alisema ana baridi, umpelekee kanga ya zamani. Akauliza jino lako."

Alinitazama usoni. Dada yangu ananijua tangu sina meno. Anajua stori yangu ikirudiwa inaota miguu, ikirudiwa tena inaota mabawa.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Kitako kimoja, bega la kushoto. Maharage yana mchanga. Fulana ya njano. Kanga, jino.

"Rudia tena."

Getruda alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi, amesimama mlangoni. Nikarudia. Nilisikia ulimi unataka kuongeza, hata kidogo tu, kwamba amenenepa, kwamba alicheka, kitu cha kumpunguzia dada yangu. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza kama mtu anayetafuta mahali ndoo inapovuja. Kitako kimoja. Bega la kushoto. Nilipofika kwenye maharage alimalizia yeye mwenyewe, "Analalamika," mdomo ukabaki wazi, pale palipokosa jino nikapaona.

Akalia kwa sauti kubwa, akanipiga ngumi ya kifua, na nyingine, juu ya mkono uliovunjika pia, na mimi sikuuondoa. Alipochoka akajifuta kwa upindo wa kanga. Nje ya ua watu walikuwa wamesimama, hawajifanyi tena kwamba wanapita.

Akaniuliza Alhamisi gari la kwanza la kwenda huko linaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa kumi na mbili.

Hakusema rudia.